Jukwaa, Safari na Nyumba: Maisha ya June Carter



Ninyi mlioanza unyumba miaka ile redio ilipowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, bila shaka mnazikumbuka nyimbo za kantri kutoka Marekani. Jim Reeves alijulikana mpaka vijijini. Huenda pia mlimsikia Johnny Cash na ile sauti yake nzito, na kando yake mwanamke mwenye makeke akimjibu katika wimbo uitwao "Jackson". Mwanamke huyo ni June Carter. Alianza kuimba redioni akiwa na miaka 10, na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 2003 akiwa na miaka 73.

Watu wengi huyasimulia maisha yake kama hadithi tamu ya mapenzi, hasa tangu itoke ile filamu ya mwaka 2005. Lakini ninyi mlio ndani ya ndoa mnajua kwamba hadithi tamu huwa na upande wa jikoni ambao wageni hawauoni. June aliolewa mara tatu. Ndoa mbili za kwanza zilivunjika. Ya tatu ilidumu miaka 35, lakini kabla yake kulikuwa na nyumba nyingine iliyobomoka, na mama wa nyumba hiyo alikuwa Mkatoliki. Hatutaruka lolote katika hayo.

June alizaliwa tarehe 23 Juni 1929 huko Maces Spring, jimbo la Virginia, katika bonde ambalo wenyeji wenyewe waliliita Bonde la Maskini. Miaka miwili kabla hajazaliwa, mama yake Maybelle, msichana wa miaka 18 mwenye mimba kubwa, aliingia garini pamoja na shemeji yake A.P. Carter na mke wa A.P., Sara, ambaye pia alikuwa binamu ya Maybelle. Gari lenyewe lilikuwa la Ezra, mume wa Maybelle. Walikwenda mji wa Bristol, na tarehe 1 na 2 Agosti 1927 wakarekodi nyimbo sita kwa kampuni ya santuri ya Victor. Leo wajuzi wa muziki huo huzihesabu siku hizo kuwa mwanzo wa kantri. Wenyewe walitaka tu pesa kidogo za kusaidia nyumbani.

Santuri ziliuzwa, na kampuni ikataka nyimbo nyingine. Basi A.P. akawa mtu wa safari. Alizunguka milimani nyumba kwa nyumba akiwaomba wazee wamwimbie nyimbo za zamani. Alifuatana na mpiga gita mweusi, Lesley Riddle, aliyeshika tuni kichwani huku A.P. akiandika maneno. Ni kazi ya maana sana, kwani bila hiyo nyimbo nyingi zingezikwa na wazee wale. Lakini Sara alibaki bondeni na watoto watatu, kuni za kupasua na shamba la kulima. A.P. alipokuwa mbali, binamu yake aitwaye Coy Bayes ndiye aliyekuwa akimpeleka Sara kwa gari alikohitaji kwenda.

Sina haja ya kuwaeleza yaliyofuata. Wangapi kati yenu mmeona jambo hili hili, bwana yuko Nairobi au Mombasa akitafuta riziki ya halali kabisa, anatuma pesa kila mwezi, na nyumbani kuna mkono mwingine unaosaidia kubeba gunia? Sara alimwacha A.P. mwaka 1933, na mwaka 1936 wakatalikiana. Cha ajabu ni kwamba waliendelea kuimba pamoja. Watu walionunua santuri zile waliamini wanaisikia familia moja yenye furaha.

Mwaka 1938 walipata kazi katika kituo cha redio cha XERA, ng'ambo ya mpaka wa Mexico. Kituo hicho kilikuwa cha daktari bandia aliyeitwa John Brinkley, aliyetajirika kwa kuwapandikiza wanaume tezi za mbuzi akidai zinarudisha nguvu. (Naam, walaghai wa namna hiyo si wa leo.) Mitambo yake ilikuwa na nguvu kupita ile iliyoruhusiwa na sheria za Marekani, na matangazo yalifika karibu nchi nzima. Kutoka kituo hicho Sara alimtumia Coy wimbo mmoja hewani. Coy wakati huo alikuwa amehamia California na familia yake. Aliusikia, akasafiri kuja kumchukua, na Februari 1939 wakaoana. A.P. aliendelea kusimama kwenye kipaza sauti kile kile.

Msimu wa baridi uliofuata, June mwenye miaka 10 aliletwa kuimba hapo pamoja na dada zake Helen na Anita. Tafakarini picha hiyo. Mtoto anaanza kazi ya maisha yake amesimama karibu na baba yake mkubwa, aliyekuwa na huzuni, na mama yake mkubwa, aliyeolewa na mtu mwingine, na wote wanaimba kuhusu uaminifu na nyumba ya wazazi. Alijifunza mapema sana kwamba jukwaani unaweza kutabasamu hata kama nyumbani kumeungua.

Alijua pia kwamba dada zake wana sauti nzuri kuliko yake. Anita hasa alipewa sauti ya kipekee. June hakununa. Alishika kinubi kidogo cha kulaza kifuani, akavaa kofia mbovu, akajifanya mwanamke mshamba aitwaye Aunt Polly, na kuwachekesha watu mpaka machozi. Kila nyumba yenye watoto wengi huwa na mmoja wa namna hii, ambaye hakupata kipaji kikubwa lakini ndiye anayeibeba siku.

Kundi la zamani lilikwisha mwaka 1943. A.P. alirudi bondeni akafungua duka dogo, na akaishi bila mke mpaka alipofariki mwaka 1960. Maybelle aliwachukua binti zake watatu wakaanza upya. Hapa nawaomba akina baba mmtazame Ezra, mume wake. Alikuwa karani wa posta katika gari la moshi, kazi ya mshahara wa hakika. Mke wake alikuwa na jina kuliko yeye. Ezra aliacha kazi hiyo akawa meneja wa mkewe na wanawe, akawatafutia kazi redioni huko Richmond, kisha Knoxville, kisha Springfield huko Missouri, mpaka mwaka 1950 walipokaribishwa Nashville katika Grand Ole Opry, kipindi kikubwa kuliko vyote vya muziki huo. Walikwenda wote. June alimaliza shule ya sekondari Richmond mwaka 1946 katikati ya safari hizo. Najua wanaume ambao wangeona aibu kubeba gita la mke. Ezra na Maybelle waliishi pamoja tangu 1926 mpaka kifo cha Ezra mwaka 1975.

Kwa mfano kama huo mbele yake, mtu angetarajia June aanze vizuri. Haikuwa hivyo. Mwaka 1952 aliolewa na Carl Smith, mwimbaji aliyekuwa akivuma sana wakati huo. Binti yao Carlene alizaliwa Septemba 1955, na kufikia mwisho wa 1956 ndoa ilikuwa imekwisha. Ilikuwa nyumba ya wasanii wawili, kila mmoja na ratiba yake. June alikwenda New York kujifunza uigizaji kwa mwalimu mashuhuri, Sanford Meisner. Mwaka 1957 aliolewa tena, na Edwin Nix, mtu asiyekuwa wa muziki, wakapata binti, Rosie, mwaka 1958. Ndoa hiyo nayo ilivunjika mwaka 1966. Wakati wake mwingi mume alikuwa Tennessee na mke barabarani.

Sasa tumgeukie yule Mkatoliki. Vivian Liberto alikuwa msichana wa San Antonio, Texas. Alikutana na Johnny Cash mwaka 1951, Johnny akiwa askari kijana wa jeshi la anga aliyekuwa karibu kupelekwa Ujerumani. Kwa miaka mitatu walipendana kwa barua tu. Tarehe 7 Agosti 1954 walifunga ndoa katika Kanisa la Mtakatifu Ana, San Antonio, na padre aliyeiongoza ibada alikuwa mjomba wa bibi harusi. Kati ya 1955 na 1961 Mungu aliwajalia mabinti wanne. Katika miaka hiyo hiyo Johnny akawa nyota, akaanza kumeza vidonge vya kumfanya asilale usingizi barabarani na vingine vya kumlaza, na nyumbani akawa mgeni. Vivian alikaa na watoto wanne katika nyumba ya mlimani huko California akingoja simu.

June alijiunga na ziara za Johnny mwanzoni mwa 1962. Wote wawili walikuwa na ndoa zao. Wimbo "Ring of Fire", ambao June aliutunga pamoja na Merle Kilgore na Johnny akaurekodi mwaka 1963, husemwa kuwa unahusu moto wa pendo ambalo halikupaswa kuwako. Vivian mwenyewe, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2007 baada ya kifo chake, alikana kwamba June ndiye aliyeutunga. Wimbo huo ulikaa nambari ya kwanza kwa wiki saba. Mamilioni walicheza kwa furaha, na kuna mama mmoja ambaye kila ukipigwa redioni alijua unamhusu nani.

Oktoba 1965 Johnny alikamatwa mjini El Paso akitoka Mexico na vidonge zaidi ya elfu moja alivyovificha. Mwaka 1966 Vivian aliomba talaka, na mwaka uliofuata ikatolewa. Sisi tunajua kwamba hukumu ya mahakama haivunji sakramenti, na sitajifanya kwamba neno hilo ni jepesi kwa mtu aliyeachwa na watoto wanne. Naliandika hapa kwa sababu filamu na magazeti humpitisha Vivian haraka, kama kwamba alikuwa kizuizi kilichowekwa njiani. Ukiwa wewe ni mama uliyewahi kungoja simu hiyo, utajua kwamba hakuwa kizuizi.

Na June je? Alikuwa mwanamke mwenye kosa, na pia mwanamke mwenye upendo mkubwa, vyote viwili. Vidonge vya Johnny alivitafuta mifukoni na mikobani akavimwaga chooni. Fundisho hili linawahusu wengi wenu, ndiyo maana nakaa nalo. Kumwaga hakukusaidia. Leo alimwaga, kesho Johnny akapata vingine. Akina mama mnaomwaga chang'aa ya bwana nyuma ya nyumba usiku, mnajua ninachosema. Mwishoni mwa 1967 Johnny alipokaribia kufa, June hakujaribu tena peke yake. Aliwaleta wazazi wake, Ezra na Maybelle, wakahamia katika nyumba ya Johnny kando ya ziwa huko Hendersonville, Tennessee. Walimlinda mlangoni wauza vidonge wasiingie, wakampikia, wakakaa naye usiku alipotetemeka na kupiga kelele. Daktari wa magonjwa ya akili, Nat Winston, alikuja kumwona mara kwa mara. Ulevi wa mtu mmoja ulihitaji wazee wawili, mwanamke mmoja na daktari. Kwetu mara nyingi tunamwachia mke peke yake, kisha tunamlaumu kwamba hakuomba vya kutosha.

Tarehe 22 Februari 1968, katikati ya onyesho huko London, mji wa Kanada, Johnny alimposa June mbele ya umati wote. June alijaribu kumfanya aendelee na nyimbo, lakini watu hawakukubali mpaka aitike. Mambo ya kuposana jukwaani hupendwa sana na vijana. Mimi ningempenda zaidi Johnny kama angemuuliza faraghani ambapo mwanamke ana uhuru wa kukataa. Tarehe 29 Februari walipewa tuzo ya Grammy kwa ajili ya "Jackson", na siku ya pili yake, tarehe 1 Machi, wakafunga ndoa huko Franklin, Kentucky.

Tangu hapo June alifanya jambo ambalo hakulifanya katika ndoa zake mbili za kwanza, wala A.P. hakulifanya kwa Sara. Hawakutengana kwa safari. Walikwenda pamoja kila mahali, magerezani, ulaya, katika kipindi cha televisheni cha Johnny kati ya 1969 na 1971. Mama Maybelle na dada zake June waliimba nyuma yao. Mwana wao, John Carter, alizaliwa tarehe 3 Machi 1970 na kulelewa ndani ya basi na nyuma ya mapazia ya jukwaa. Mwaka 1971 walikwenda Israeli kutengeneza filamu juu ya maisha ya Yesu, na June akaigiza Maria Magdalena. Kazi yake mwenyewe ilipungua. Kati ya 1975 na 1999 hakutoa albamu yake mwenyewe hata moja. Hilo nalo ni gharama, na ni haki kulitaja, maana mara nyingi anayelipa ni mke.

Palikuwa na watoto saba: wanne wa Vivian, wawili wa June, na mmoja wao wote wawili. Wale wa Vivian walikuja likizo. June alikataza neno mtoto wa kambo lisitumike nyumbani mwake. Mkubwa wao, Rosanne, ambaye naye alikuwa mwimbaji mashuhuri, alilishuhudia jambo hilo mbele ya watu wote siku ya mazishi ya June. Fikirini binti wa Vivian akisimama kanisani kusema hivyo. June hakuweza kuwarudishia watoto wale nyumba yao ya kwanza, lakini hakuwafanya walipie kosa la wazazi.

Je, Johnny alipona? Hapa ndipo hadithi tamu hudanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vidonge vilirudi. Mwana wao aliandika kitabu juu ya mama yake mwaka 2007, na hakuficha kwamba kuna wakati wazazi wake walikaribia kuachana. Mwaka 1983 Johnny alifanyiwa upasuaji na akazidi kuzama katika dawa. Ndipo familia nzima ikaingia chumbani mwake hospitalini pamoja na daktari. Kila mmoja alikuwa ameandika mambo ambayo Johnny alimfanyia, na akamsomea. John Carter, mtoto wa miaka 13, naye alisoma karatasi yake, jinsi alivyoaibika baba yake alipopepesuka mbele ya rafiki zake. Johnny alikubali kwenda kutibiwa katika kliniki ya Betty Ford huko California. Hata baada ya hapo haikuwa njia iliyonyooka. June mwenyewe, kwa kukiri kwa mwanawe, alikuja katika miaka ya mwisho kutegemea dawa za madaktari kupita kiasi. Anayemuuguza mlevi kwa miaka mingi anahitaji naye mtu wa kumtazama, na June, mwenye kuchekesha watu tangu utotoni, alijua kujificha.

Aliwazika wazazi na dada zake wote. Maybelle alifariki mwaka 1978, Helen 1998, Anita 1999. Mwaka huo huo wa 1999, akiwa na miaka 69, ndipo alipotoa albamu yake iitwayo "Press On", kwa sauti iliyochakaa na kukwaruza, na ikampa tuzo ya Grammy. Sauti ile ambayo utotoni ilionekana hafifu sasa ilikuwa na kitu ambacho wasichana hawana. Alirekodi albamu nyingine, "Wildwood Flower", lakini haikutoka akiwa hai. Mwaka 2025 jina lake liliingizwa katika Jumba la Fahari la Muziki wa Kantri huko Nashville, miaka 22 baada ya kufa kwake. Mume wake aliingizwa humo mwaka 1980.

Tarehe 7 Mei 2003 alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo. Hali ikawa mbaya, na tarehe 15 Mei akafariki, Johnny na watoto wakiwa naye. Johnny alikuwa haoni vizuri tena, na miguu ilikuwa imemshinda. Majuma machache baada ya mazishi alirudi kurekodi, maana June alikuwa amemwagiza aendelee kufanya kazi.

Bonde la Maskini bado liko, na ndani yake kuna ukumbi wa muziki ambao Janette, binti ya A.P. na Sara, aliujenga karibu na lile duka la baba yake. Kwenye makaburi ya kanisa la hapo karibu amezikwa A.P. Sara alifariki California mwaka 1979, lakini alirudishwa akazikwa katika makaburi hayo hayo, na kila mmoja wao ana jiwe lenye mchoro wa santuri. Tarehe 5 Julai 2003 Johnny aliletwa kwenye ukumbi huo. Ilibidi ashikwe mkono mpaka kitini. Aliwaeleza watu kwamba anahisi June yuko pamoja naye, akaimba nyimbo chache pamoja na "Ring of Fire", kisha akasaidiwa kushuka. Hakuimba tena mbele ya watu. Alifariki tarehe 12 Septemba mwaka huo huo, na akazikwa Hendersonville, ubavuni pa June.